Fyuzi Tatu Kutoka Kinywani

Wanaonijua hapa Kimbo watakuambia mimi ni mtu wa kuongeza chumvi. Ni kweli. Nikikutana na paka Ruiru mjini, kabla nifike kwangu amekuwa chui, na ana watoto. Lakini kisa hiki sikukitia chumvi hata chembe, kwa sababu hakina mahali pa kuitia. Kama huamini, angalia kinywa changu. Haya meno mawili ya mbele si yangu, ni ya daktari wa meno wa Thika. Yale niliyopewa na mama yangu yalibaki kwenye sakafu ya chumba cha stima, siku ya Jumamosi, mchana, saa ambayo watu wenye akili wanakula nyama choma. Ndiyo, nimesema mchana. Usiniambie mambo haya hutokea usiku tu. Huyu jini wangu hakuwa na saa.

Ilikuwa miaka ya tisini, katika karakana moja ya makabati ya chuma, ukitoka Ruiru kuelekea Thika. Jina la karakana niachie. Mimi nilikuwa fundi wa stima, na mwenzangu alikuwa Ramadhani, sote tukimwita Rama, Mwislamu wa Kiuu, mtu mfupi, mpana, mwenye mikono kama sepetu. Tulikuwa tumesoma pamoja shule ya jioni. Mimi nilitoka na cheti chenye muhuri mkubwa kama sahani; Rama alitoka na mke, maana mwalimu wetu wa hesabu alikuwa na dada. Kwa sababu ya kile cheti akanipa jina la Profesa, na hakuniita jina lingine tena. Tulipendana kama ndugu. Nilikula kwake kila Idi, naye alikula kwangu kila Krismasi, na bintiye Halima, aliyekuwa mdogo sana, alikuwa akinivuta masikio akidhani ni vishikio.

Sasa, mashine yenyewe. Bosi wetu alileta kutoka Ulaya mashine ya leza, mtumba lakini bado inang'aa. Wakati ule, niamini, mashine za aina hiyo zilikuwa adimu kuliko theluji ya Nairobi. Ilikuwa kubwa kama kanisa la mtaa, na ndani yake kulikuwa na mwale usioonekana kwa macho, unaokata bati la chuma kama wembe unavyokata karatasi. Watu walitoka viwanda vingine kuja kuichungulia. Nasikia hata padri mmoja alikuja.

Lakini ilikuwa na ugonjwa. Inaanza kukata mlango wa kabati vizuri, cheche zinaruka, bosi anatabasamu. Ikifika katikati mwale unafifia, mlango unabaki umekatwa nusu kama mkate ulioonjwa na panya, mashine inalia pii-pii-pii, inazima. Ukiiwasha tena inakubali. Ukiipa kazi nzito, inakufa tena.

Stima ya viwandani huja kwa nyaya tatu, sisi tunaziita fezi: nyekundu, manjano na buluu. Mashine kama ile inazitaka zote tatu ziwe na nguvu sawa, kama mafiga. Moja likizama, chungu kinamwagika. Tulipima kwa mita mashine ikiwa imepumzika: fezi zote sawa, safi kama maji ya mlimani. Bosi akasema, "Si mnaona stima iko sawa? Basi nyinyi ndio wabovu." Lakini hapo ndipo wengi hukosea. Stima ni kama maji ya bomba. Bomba likiwa limefungwa presha ni nzuri hata kama kuna chura amekwama ndani. Fungua maji, ndipo utajua kuna chura. Kwa hiyo tukaipa mashine chuma kinene ikate, tukapima ikiwa inatoka jasho. Nyekundu ikasimama. Manjano ikasimama. Buluu ikaanguka karibu nusu, kama mlevi aliyekosa ngazi.

Mahali fulani njiani kulikuwa na chura.

Kwenye nyaya za kuingia, zile zinazotoka barabarani, buluu haikuyumba. Kwenye mashine, inayumba. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa kati ya hapo: ndani ya swichi kubwa ukutani, au kwenye waya mrefu, au kwenye viungo vilivyo tumboni mwa mashine. Tulibadilisha fyuzi. Tukabadilisha waya. Ikaendelea kuanguka. Bosi akatuambia Ijumaa jioni, "Jumatatu asubuhi nataka ikate. Isipokata, sijui mtakata nini nyinyi." Tukakubaliana turudi Jumamosi baada ya wafanyakazi kutoka, tuzime kila kitu na kufungua kila kitu.

Kabla sijaendelea lazima nikueleze desturi moja ya mafundi wa stima wa huku kwetu, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini niliogopa. Swichi ile ya ukutani ilikuwa sanduku la chuma lenye mkono pembeni. Mkono ukishuka, stima ya mashine inakatika, na hapo tu ndipo mlango wa sanduku hufunguka. Ndani kuna fyuzi tatu za kauri, kila moja nene kama gunzi la hindi. Sasa, mtu anayetaka kuingiza mikono kwenye mashine hashushi mkono tu na kwenda zake. Anang'oa fyuzi zote tatu, anazitia kwenye mfuko wa ovaroli yake mwenyewe, na anaingia nazo. Si mfuko wa mwenzake, hata awe ndugu wa tumbo moja. Akimaliza, anatoka yeye, anazirudisha yeye. Maana fyuzi zikiwa mfukoni mwako, hakuna mtu duniani anayeweza kukuchoma. Uhai wako umeubeba mwenyewe, unagongana kila ukipiga hatua.

Jumamosi ile Rama alishusha mkono, akang'oa fyuzi tatu, akazitia mfukoni. Nilimwona. Akapiga mfuko wake kofi, zikalia kama vikombe.

"Haya Profesa," akaniambia, "mimi nitaingia tumboni mwa huyu ng'ombe nikaze kila nati. Wewe baki hapa na hili sanduku. Na uangalie huko juu, usije ukabusu bibi ya watu."

Huko juu alikokuwa akisema ni mahali nyaya za barabarani zinapoingia sandukuni. Pale stima haizimiki hata mkono ukishuka. Zamani palikuwa na kifuniko, lakini kilikuwa kimepotea, na vile vyuma vitatu vya shaba vilikaa wazi, vimenyamaza, kama nyoka anayeota jua.

"Wewe kazana na ng'ombe wako," nikamjibu. "Ukikwama makalio huko ndani sitakuvuta."

"Utavuta tu. Ukiniacha nani atakula na wewe pilau?"

Akaenda akicheka. Kutoka chumba cha stima huwezi kuiona mashine. Kuna ukuta katikati na mlango mmoja. Lakini nilimsikia akifungua mabati ya nyuma, akilalamika, akiimba wimbo alioutunga mwenyewe kuhusu ukonda wangu. Nje wingu lilikuwa limeshuka jeusi upande wa Thika. Mimi nikachukua tochi na bisibisi, nikaanza kukagua vishikio vya fyuzi, kimoja kimoja. Kile cha buluu kilikuwa na rangi mbaya, ya kahawia, kama jino la mvuta tumbaku. Nikajisemea, hee, chura wangu huyu hapa.

Ndipo Rama akaingia.

Alisimama kando yangu, karibu sana. Nikadhani amefuata spana. Nikamwambia, "Njoo uone, ugonjwa uko hapa kwenye buluu." Akasema tu, "Sogea. Nazirudisha."

"Umemaliza? Mbona haraka hivyo?"

"Nimemaliza."

Sauti ni ya Rama. Uso ni wa Rama, hata lile kovu la nyusi alilolipata utotoni. Nikasogea. Kwa nini nisisogee? Fyuzi ni zake, mikono ni yake. Ungefanya nini wewe? Nikasubiri apeleke mkono mfukoni.

Hakupeleka mkono mfukoni. Aliinama kidogo, kifua kikapanda, shingo ikavimba kama ya nyoka aliyemeza yai, ila hapa yai lilikuwa linapanda badala ya kushuka. Akafungua kinywa. Akafungua tena, zaidi ya pale kinywa cha mtu kinapofika, nikasikia taya likilia kama mlango wa zizi. Akaingiza vidole na kuvuta kutoka kooni fyuzi ya kauri, nzima, inateleza mate. Akaipachika kwenye kishikio chekundu. Kap.

Haki ya Mungu, miguu yangu ilisahau kazi yake. Nilitaka kukimbia, na nilibaki pale kama mti wa stima. Akavuta ya pili. Kap, manjano.

Na wakati huo huo, kutoka upande wa pili wa ukuta, tumboni mwa mashine, nikasikia: "Wee Profesa! Niletee spana ya kumi na saba! Na uje pole pole, nimeshika hizi nyaya zote kama ninayekamua maziwa!"

Rama alikuwa kule. Mikono yake miwili ilikuwa kwenye shaba. Na Rama alikuwa hapa, anavuta fyuzi ya tatu kutoka kooni.

Nitakuambia ukweli: sikuwaza. Mtu akikuambia alipanga namna ya kupigana na jini, huyo ndiye muongo, si mimi. Nilipiga kelele, "Rama, toa mikono! Toa mikono!" na saa ile ile mvua ikaanguka. Hiyo mvua si ya kusimulia. Ilipiga paa la mabati kama malori ya kokoto yanamwaga, na sauti yangu ikazama humo, hata mimi mwenyewe sikuisikia. Kap, buluu. Fyuzi zote tatu zilikuwa ndani. Yalibaki mambo mawili: kufunga mlango wa sanduku na kuinua mkono. Sanduku lile haliwaki mlango ukiwa wazi. Basi nikaingiza mkono wangu wa kushoto mlangoni.

Akaufunga.

Unajua sauti ya muwa ukivunjwa gotini? Ilikuwa hiyo. Vidole viwili. Akaufungua mlango, akanitazama na uso wa rafiki yangu, bila hasira, kama mtu anayeangalia kwa nini droo haifungi. Akaufunga tena. Nikalia kama mbuzi, lakini mkono sikuutoa. Ningeutoaje? Kule ndani ya mashine mtu alikuwa ameshika fezi tatu kwa vidole vyake kumi, na kilichokuwa kati yake na kifo ni hivi vidole vyangu. Mara ya tatu nikamrukia.

Nilimpiga kwa bisibisi begani, ikaingia mpaka mpini, ikatoka bila damu. Kilichotoka ni harufu, ile ya mota iliyoungua, ya vanishi na nywele. Alikuwa na joto kama pasi. Alinishika kichwa kwa mikono yote miwili na kukigonga kwenye kona ya sanduku, na hapo ndipo meno ya mama yangu yalipoondoka. Akanigonga tena. Nikaona nyota, sayari na jamaa zao. Nikamng'ata mkono na meno niliyobakiwa nayo. Ladha yake ilikuwa ya shaba, kama kulamba betri. Akaning'ata na yeye, sikio, akalichana hapa, njoo ushike, utasikia mshono.

Tulianguka. Tukaviringika kwenye maji ya mvua yaliyokuwa yakiingia chini ya mlango. Mkono wangu mzima ukagusa nyundo ya Rama. Nilimpiga nayo usoni. Nisikilize vizuri: nilimpiga uso wa Rama, uso ambao nilikula nao pilau, nikampiga mpaka shavu likaingia ndani na jicho likakaa vibaya. Na kila nilipompiga alisimama. Hakurudisha ngumi tena, alitaka sanduku tu. Akanikanyaga tumboni kana kwamba mimi ni ngazi, akafika, akashika mlango aufunge.

Nikamrukia mgongoni. Nikamshika kisogo. Vile vyuma vya shaba vilikuwa mbele ya uso wake, pale juu, umbali wa shubiri.

Hapo ndipo alipoongea.

"Profesa," akasema, kwa sauti ya kilio. "Profesa, ni mimi. Wallahi ni mimi. Unaniua bure. Halima nani atamlea?"

Mkono wangu ukalegea.

Fikiria mwenyewe. Mvua inapiga, sisikii chochote kutoka upande wa pili. Na kama ile sauti ya kwanza, ile ya spana, ndiyo ilikuwa ya uongo? Kama nimepigwa kichwa nikaota hayo mambo ya fyuzi kooni? Kisogo nilichoshika kilikuwa na nywele za Rama, na mafuta ya nazi anayopaka. Alikuwa akitetemeka kama mtu. Nikikosea, Jumatatu nitaenda Kiuu kumwambia dada ya mwalimu kwamba mumewe nimemchoma mimi. Nisipofanya, na nikawa nimekosea upande ule mwingine, nitaenda Kiuu vile vile.

Nikamuuliza, "Rama, mfukoni una nini?"

Hakuupeleka mkono mfukoni.

"Piga mfuko wako kofi!"

Akaupiga. Haukulia, na zile fyuzi za sandukuni zilikuwa bado zinateleza mate, hazikutoka mfukoni.

Fundi wa stima anaweza kusahau jina la mkewe, lakini hawezi kutoka kwenye mashine na mfuko mtupu. Nikamsukuma kwa uzito wangu wote, na kwa uzito wa babu zangu, uso wake ukaingia kwenye shaba.

Sitaweza kukueleza ule mwanga. Ulikuwa wa buluu, mweupe, ukaingia mpaka ndani ya mifupa. Mlio wake ulinyamazisha mvua. Yule mtu alikakamaa, akapiga yowe kwa sauti ya Rama, kisha kwa sauti za watu wengine nisiowajua, wengi, wamepangana kama wanaopiga foleni kooni mwake. Ngozi ikapasuka. Kisha nikatupwa ukutani, na giza likaja hapo mchana.

Nilipofungua macho, mtu alikuwa amesimama mlangoni. Rama. Uso mzima, bila mkwaruzo, umejaa grisi. Mkononi alikuwa na nondo, ameiinua. Mfuko wake wa ovaroli ulikuwa umevimba, na alipojisogeza, zikalia ndani kama vikombe. Nililia kwa furaha. Nikamnyooshea mkono.

"Usinikaribie," akasema.

"Rama, ni mimi. Kimekufa. Kimeungua. Nilikuita ukashindwa kusikia, kilikuwa na uso wako..."

"Haukuwa uso wangu."

Akaniambia alikaa akingoja spana, akachoka, akatoa mikono kwenye nyaya aje kunitukana. Akafika mlangoni wakati ule wa mwisho. Na alichokiona hakikuwa mimi na yeye.

"Nimeona Profesa wawili," akasema. "Mmoja amemshika mwingine kisogo. Wote wana damu, wote wamevunjika meno. Mmoja analia ananiita jina, mwingine anamsukuma kwenye stima. Sasa mmoja ameungua." Akanielekezea nondo. "Niambie basi. Wewe ni yule gani?"

Nilimwambia kila kitu. Nilimwambia kuhusu shule ya jioni, kuhusu mwalimu wa hesabu na dada yake, kuhusu Halima na masikio yangu. Akatikisa kichwa. "Hata yeye alikuwa anajua Halima," akasema. "Nimemsikia kwa masikio yangu." Nikatema damu sakafuni nimwonyeshe ni nyekundu. Nikamwonyesha vidole. Aliangalia kwa makini, kama mtu anayekagua noti, lakini nondo hakuishusha.

Soja wa lango alikuja mbio kwa ajili ya ule mlipuko, akakuta mtu mmoja chini anavuja damu na mwingine amesimama na nondo, akampiga Rama rungu la mgongo kabla hajauliza. Nacheka sasa, siku ile hakuna aliyecheka. Stima ilikuwa imekatika mpaka barabarani. Ndani ya sanduku, vishikio vyote vitatu vilikuwa vitupu, lakini vimelowa mate. Hakukuwa na maiti. Masizi tu kwenye shaba, yenye umbo la shavu.

Na kile kishikio cha buluu kilikuwa kimepasuka kwa mlipuko. Rama alikitoa kwa koleo. Nyuma yake, pale waya unapokaza, palikuwa pameungua, na katikati ya ile shaba iliyoyeyuka palikuwa na ukucha wa mtu. Mzima. Wa kidole gumba. Soja alipouona alivua kofia. Akasema kabla ya makabati, jengo lile lilikuwa la kukoboa kahawa, na watu wa zamani walikuwa wakisema kuna fundi aliyefia humo mikono ikiwa ndani ya mtambo, kwa kuwashiwa na mtu aliyemwamini. Ni kweli? Sijui. Nakuambia nilichoshika kwa mkono, na ukucha niliushika.

Tuliweka kishikio kipya. Jumatatu, mita ikapima buluu mashine ikiwa kwenye chuma kinene, na buluu haikutingishika. Ile leza ilikata milango kama inakata siagi, na bosi akasema, "Si mnaona? Mkitaka mnaweza." Nilikuwa nimefungwa bandeji kama mzinga wa nyuki na hakuuliza kwa nini.

Rama aliacha kazi mwezi ule ule. Alifungua duka la kutengeneza redio Kiuu, na halijamfilisi mpaka leo. Usidhani tumegombana. Tunasalimiana. Halima alipoolewa nilialikwa, nikala pilau, sahani tatu. Lakini nilitengewa meza yangu peke yangu, karibu na lango, na Rama aliniletea chakula mwenyewe, akakiweka chini hatua kadhaa kabla ya kunifikia, akarudi nyuma ili nikichukue. Tangu Jumamosi ile hajawahi kunipa mkono. Mtu niliyevunjika vidole kwa ajili yake. Simlaumu. Namtazama akinitazama, na naona anapiga hesabu ile ile aliyoanza mlangoni, na bado haijamtokea jibu.

Wewe unayenisoma, huenda si fundi wa stima. Huenda ni mtu wa kinu, wa kisima, wa lori. Lakini iko siku mwenzako ataingia ndani ya kitu na wewe utabaki kwenye swichi, na atakuja mtu mwenye uso wake akuambie amemaliza, washa. Usimwamini uso. Usiamini sauti pia. Mwache asimame hapo, uende mwenyewe mpaka kwenye mashine, uingize kichwa, umguse aliye ndani. Kama huko ndani hakuna mtu, rudi uwashe. Kama yupo, mshike mkono umtoe nje naye akuone ukiwa mmoja, kabla hamjawa wawili. Mimi sikwenda. Nilibaki kwenye sanduku, nikampigania vizuri kuliko mtu yeyote Thika na Ruiru alivyowahi kumpigania mwenzake, na nikamwokoa. Na sasa yuko hai, mzima, Kiuu, na ananiogopa.